Nimefiwa na mama na kila usiku nasikiliza nyimbo za huzuni. Je, najiumiza?

Swali la msomaji: "Mama yetu alifariki miezi miwili iliyopita. Arobaini imeshapita, watu wamerudi makwao, nyumbani tumebaki mimi na kaka yangu. Kila usiku nikishazima taa navaa hedifoni na kusikiliza nyimbo za huzuni, hasa tenzi alizokuwa akiimba mama jikoni. Ule wa 'Nionapo amani kama shwari' naurudia hata mara kumi. Nalia, halafu napata nafuu, ingawa siku nyingine inafika saa nane za usiku bado niko macho. Kaka anasema natonesha kidonda, eti nisikilize vitu vya kuchangamsha. Nani yuko sahihi? Na kama niendelee, nichague nyimbo zipi na nizisikilize vipi? Ninazo pia sauti za mama kwenye WhatsApp, sijathubutu kuzifungua."

Jibu: Pole sana, dada, wewe na kaka yako. Miezi miwili baada ya msiba ni kipindi kigumu kwa namna yake. Turubai limeshashushwa, viti vya kukodi vimerudishwa, simu za pole zimepungua, na ndipo ukimya wa nyumba unapoanza kusikika.

Usiache nyimbo hizo. Badilisha unavyozisikiliza. Huzuni iliyomo kwenye wimbo haikudhuru. Ninachokiona kuwa na kasoro kwenye maelezo yako ni vitu vitatu: kitanda, kurudia mara kumi, na kuwa peke yako ndani ya hedifoni. Kipimo chako pia kisiwe kama umelia au hujalia. Jiangalie nusu saa baada ya wimbo kwisha. Ikiwa mabega yameshuka, pumzi imekuwa ndefu, unaweza kunywa maji, kumjibu mtu, kisha ukasinzia, basi wimbo umefanya kazi yake. Ikiwa kichwa kimeng'ang'ania swali lilelile, "ningempeleka hospitali mapema je?", na kidole kinarudi chenyewe kwenye kitufe cha kurudia, hapo wimbo umeacha kukuliwaza, umegeuka kuwa kinu na wewe ndiye unayetwangwa.

Kwa maelezo yako, siku nyingi unaangukia upande wa kwanza na siku chache upande wa pili. Hilo linarekebishika.

Watu wengi hushangaa kwamba mwenye huzuni hutulizwa na wimbo wa huzuni. Mwaka 2014 watafiti Liila Taruffi na Stefan Koelsch walichapisha majibu ya watu 772 waliohojiwa kwa mtandao kuhusu muziki wa aina hii. Hisia iliyotajwa mara nyingi kuliko zote haikuwa huzuni yenyewe. Ilikuwa ile hali ya kukumbuka yaliyopita kwa uchungu wenye utamu ndani yake. Ndivyo inavyokutokea wewe: tenzi inakurudisha jikoni, unamwona mama anageuza mwiko, unaumia kwa kuwa hayupo na wakati huohuo unafurahi kwamba alikuwepo. Mambo hayo mawili hayaji pamoja kirahisi kwenye mazungumzo ya kawaida, ila kwenye wimbo huja pamoja bila kugombana.

Kuna pia kazi ya mwili. Wimbo wa polepole huvuta pumzi, na pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mbio za moyo. Kiswahili kina neno mbolezi kwa nyimbo za kuomboleza, na bembelezi kwa nyimbo za kumlaza mtoto. Ziweke pamoja usikilize: mwendo wa taratibu, maneno machache yanayorudi, sauti inayoanzia juu na kuteremka kidogo kidogo. Mama anayembembeleza mtoto hamwambii asilie. Anaingia kwenye kilio chake, anakwenda nacho, kisha anakipunguzia mwendo. Mbolezi humfanyia mtu mzima hivyohivyo.

Waliosoma muziki kwa vitabu vya Ulaya hufundishwa kwamba huzuni hukaa kwenye skeli ya maina, yaani ile ngazi ya sauti inayosikika yenye majonzi. Kwetu haiko hivyo. Tenzi nyingi zinazoimbwa misibani Tanzania na Kenya ziko kwenye meja, skeli ileile ya nyimbo za harusi, na hiyo ya mama yako ni mojawapo. Kinachozifanya ziwe za msiba ni mwendo, maneno, na jinsi zinavyoimbwa: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Kwa hiyo unapotafuta nyimbo usiandike tu "nyimbo za huzuni" kwenye simu na kuchukua kinachokuja. Utaletewa mapenzi yaliyovunjika, usaliti, laana kwa mpenzi wa zamani. Huzuni hiyo ni halali, ila si yako.

Sasa hatari. Watafiti Sandra Garrido na Emery Schubert wamefuatilia kwa miaka swali la nani hudhuriwa na muziki wa huzuni, na jibu linalojirudia ni watu wenye tabia ya kucheua mawazo, yaani kurudia jambo moja kichwani bila kufika popote. Kwao wimbo wa huzuni huacha hali mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzo, hata kama wenyewe wanaamini unawasaidia. Mtu asiye na tabia hiyo mchana anaweza kuipata saa nane usiku, kwa sababu mwili uliochoka hauna nguvu ya kugeuza wazo. Ndiyo maana nakusihi uondoe nyimbo kitandani kabisa. Kitanda nacho hujifunza. Ukikilalia kwa wiki nyingi ukiwa na machozi masikioni, mwili utaanza kukesha kila ukigusa mto, hata siku ambayo hukuweka wimbo.

Jambo jingine ambalo wafiwa hawaambiwi: wimbo hubeba mahali unapousikilizia. Kila unapoamsha kumbukumbu, unaipa nafasi ya kushika kitu kipya. Leo "Nionapo amani" inakupeleka jikoni kwa mama. Ukiirudia mara kumi kila usiku gizani kwa mwaka mzima, itaanza kukupeleka kwenye chumba hicho cha giza, na jikoni patafifia. Huo wimbo ni mali, uutunze. Utoe kwenye orodha ya kila siku, uwe wa Jumapili, wa siku ya kuzaliwa mama, wa kumaliza mwaka. Nitaurudia mwishoni, maana una siri ndani yake ambayo kaka yako anaihitaji.

Kuhusu kaka: naye hajakosea, ila anaeleza njia yake kana kwamba ndiyo njia ya wote. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walieleza kwamba mfiwa mwenye afya huenda na kurudi kama bembea. Upande mmoja anakabili pengo: analia, anakumbuka, anatazama picha. Upande wa pili anashughulika na maisha yaliyobadilika: nani atalipa umeme, nani atakwenda kwenye kikao cha ukoo, nani atapika. Anayekaa upande mmoja tu hukwama, awe wa kulia tu au wa kazi tu. Wewe usiku mzima uko upande wa kwanza. Yeye, nadhani, mchana kutwa yuko upande wa pili, na kilio chako kinamgusa mahali ambapo hajawa tayari kupagusa. Msilazimishane.

Hata "vitu vya kuchangamsha" vina mahali pake penye heshima. Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya hupiga isukuti mazishini: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma, na watu hucheza kwa nguvu. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Pale uchangamfu haumfichi marehemu, unamsindikiza. Tofauti ni hiyo. Wimbo wa haraka ambao mama aliupenda na kuutikisia mabega unafaa sana. Wimbo wa haraka uliowekwa ili jina lake lisitajwe hautakusaidia, utakuacha mpweke zaidi katikati ya kelele.

Tengeneza orodha ya nyimbo sita, jumla dakika 25 hadi 30, isizidi. Kanuni ya kuipanga ni ya zamani: mwaka 1948 Ira Altshuler, daktari wa magonjwa ya akili Marekani, alieleza kwamba muziki wa tiba uanze pale alipo mgonjwa, ulingane na hali yake, kisha usogee taratibu kwenda unakotaka afike. Ukianza na wimbo wa furaha wakati moyo umejaa, moyo unaukataa na unajisikia umetukanwa. Ukianza na mzito na kumalizia na mzito, umeingia chumbani ukajifungia.

Ili kuzipanga lazima ujue mwendo wa kila wimbo. Gonga mguu ukifuata ngoma au mpigo, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Nyimbo mbili za kwanza ziwe za mapigo 60 hadi 70 kwa dakika, zenye maneno yanayotaja kifo au pengo waziwazi. Hapa ndipo pa kulia, na ulie. Wa tatu na wa nne ziwe kati ya 70 na 80, za kumkumbuka: wimbo wa kwaya yake, wimbo wa redioni aliokuwa akiufuatisha akichambua mchele. Wa tano uwe wa shukrani au tumaini, mapigo karibu 85. Wa sita uwe ule ambao ukimalizika unaweza kuinuka ukaosha vyombo. Si lazima uwe wa furaha, unatosha kuwa wa kawaida. Usiruke zaidi ya mapigo 10 hadi 15 kutoka wimbo mmoja hadi unaofuata, kwani masikio huhisi kama gari lililokanyaga breki. Namba hizi si amri ya Musa. Wimbo ukikuliza kwa namna ya kukulegeza ingawa una mapigo 95, uweke. Mwili wako ndio unaoamua.

Pakua nyimbo hizo ziwe kwenye simu, kisha uzime data wakati wa kusikiliza. Ukisikiliza mtandaoni, tangazo la sabuni litakuja katikati ya ubeti na kukuvuruga, na programu ikiona umesikiliza huzuni mara tatu itakuletea nyingine na nyingine bila kikomo. Programu haijui kwamba umefiwa, inajua tu kwamba hujaondoka. Zima kabisa ile sehemu ya kujiendeleza yenyewe na ile ya kurudia wimbo mmoja. Kama wimbo unakuita tena, uahidi kesho. Kwa watu wengi hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na usiku wa kwanza na wa pili utaona kama umenyang'anywa kitu. Kuanzia wiki ya pili orodha huanza kusikika kama safari yenye kituo.

Saa nzuri ni kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili na nusu usiku, ukiwa umekaa, taa ikiwaka, tumboni kuna chakula. Hedifoni weka kando. Tumia spika, hata ndogo, kwa sauti ya chini. Weka maji karibu, maana kilio hukausha koo na kuleta kichwa kuuma. Baada ya wimbo wa sita fanya kazi moja ya mikono ya dakika kumi: kunja nguo, chambua maharage ya kesho, mwagilia bustani. Usiingie moja kwa moja kwenye simu. Kama kaka hataki kusikia, mwambie saa yako mapema ili achague kuwepo au kutoka. Mara nne kwa wiki zinatosha. Siku tatu zilizobaki muache mama apumzike na wewe upumzike.

Kwenye maneno kuwa mkali zaidi kuliko kwenye sauti. Ogopa wimbo unaokuambia usilie. Unaweza kuwa na nia njema, ila unamfanya mfiwa aone aibu kwa machozi yake. Ogopa pia wimbo unaokimbilia mbinguni kwenye mstari wa kwanza kabla haujasema kwamba mtu amekufa. Wimbo mzuri wa msiba hukiri kwanza, ndipo unaposogea. Nyimbo za kutafuta mchawi na za lawama ziache hata kama zinaimbwa vizuri, maana zinahamisha huzuni kwenda kwenye hasira isiyo na mlango wa kutokea. Na wimbo wenye maneno ya "nami nichukue" uweke mbali kabisa kwa sasa. Ukijikuta unautafuta huo hasa, au unayarudia maneno hayo bila wimbo, mwambie mtu leoleo, kaka, mchungaji, daktari, yeyote aliye karibu. Usisubiri kesho.

Wasomaji Waislamu huuliza jambo hilihili kwa namna nyingine, kwa kuwa familia nyingi haziweki muziki wa ala nyumba yenye msiba. Yote niliyosema kuhusu saa, idadi na kuwa pamoja yanabaki palepale kwa kisomo, dua na kasida za sauti tupu. Sauti ya binadamu bila ala ndiyo yenye pumzi zaidi, na hitma ya watu wengi tayari ina kile ninachotaka kukueleza hapa chini.

Tuje kwenye sauti za mama kwenye WhatsApp. Kabla hujasikiliza hata moja, tengeneza nakala, na ufanye hivyo wiki hii. Simu huibwa, huanguka kwenye maji, hubadilishwa bila kuhifadhi mazungumzo. Nenda kwenye mazungumzo yake na wewe na uhakikishe kwanza kwamba ile sehemu ya ujumbe unaotoweka imezimwa. Kisha bonyeza ujumbe wa sauti kwa muda mpaka uchaguliwe, gusa sehemu ya kushiriki, ujitumie kwa barua pepe au uuweke kwenye hifadhi ya mtandaoni. Fanya hivyo kwa kila mmoja. Ni kazi ya kuchosha, lakini usijaribu njia ya mkato ya kunakili folda nzima. Kwenye Android mafaili hayo hukaa kwenye folda ya WhatsApp Voice Notes yakiwa yamepewa majina kwa tarehe, si kwa mtu, kwa hiyo sauti ya mama itachanganyika na ya fundi bomba na ya kikundi cha kanisa. Yana mwisho wa .opus, na baadhi ya vichezea muziki haviyafungui. VLC huyafungua. Yape majina mapya yanayoeleweka: "mama vitunguu", "mama Krismasi". Weka nakala ya pili mahali pengine, kwenye flash au simu ya kaka. Kumbuka pia kwamba laini ya simu isiyotumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Ukiona siku moja picha ya mgeni kwenye namba ya mama, usishtuke ukadhani ni mzaha wa mtu.

Kusikiliza kuje baadaye, mchana, kaka au rafiki akiwa karibu. Anza na ujumbe mfupi wa kawaida kabisa, ule wa "ukipita sokoni uchukue vitunguu". Usianze na wa mwisho aliokutumia akiwa mgonjwa. Ujumbe wa mwisho una uzito wa kuwa wa mwisho, na ukianza nao unaweza kufunika maisha yote yaliyoutangulia. Sikiliza mmoja, funga, ongea kidogo kuhusu siku ile. Na usiuweke kwenye ile orodha ya nyimbo sita. Wimbo una mdundo unaokushika mkono mpaka mwisho, ila sauti ya mtu wako ikikatika, inakatika.

Nikuambie pia wakati ambao nyimbo hazitoshi. Miezi miwili ya kulia ni ya kawaida. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa magonjwa uitwao ICD-11, huzungumzia huzuni iliyogeuka ugonjwa pale inapodumu zaidi ya miezi sita ikiwa kali hivyohivyo na kumzuia mtu kuishi, na hapohapo unazingatia desturi za jamii husika. Wamarekani kwa watu wazima huweka miezi 12. Lakini kuna mambo yasiyongoja kalenda: kutolala au kutokula kwa siku kadhaa mfululizo, pombe kuwa dawa ya usingizi, kushindwa kwenda kazini wiki baada ya wiki, au mawazo ya kumfuata marehemu. Hapo nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili. Wanapokea wafiwa, si wenye "vichaa" tu kama watu wanavyonong'ona.

Sasa ule wimbo wa mama. Maneno yake ya asili yaliandikwa na Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago. Novemba 1873 mke wake Anna na mabinti zao wanne walikuwa wakivuka Atlantiki kwenye meli Ville du Havre ilipogongana na meli nyingine ikazama. Mabinti wote wanne walikufa. Anna aliokolewa, naye akamtumia mumewe simu ya maandishi kwamba ameokoka peke yake. Spafford alipanda meli kumfuata, na shairi lilizaliwa kwenye msiba huo. Philip Bliss alilitia muziki na kulichapisha mwaka 1876, akauita muziki wenyewe kwa jina la ile meli. Angalia maneno yanavyoanza: yanaweka amani na shida kwenye sentensi moja, kabla ya kusema lolote kuhusu roho kuwa salama. Hiyo ndiyo maana ya wimbo kukiri kwanza.

Lakini sikiliza kiitikio, safari hii ukifuatilia sauti za chini. Bliss aliweka jibu ndani yake. Sauti za juu zinatangulia kusema ni salama, na nyuma yao sauti ya tatu na besi, zile za wanaume, zinarudia maneno yaleyale. Ukiimba peke yako mistari ile, kuna mapengo ambayo hayajazwi na mtu. Hedifoni zinakupa kwaya iliyorekodiwa studio, ila hakuna anayekuitikia wewe. Ndiyo kasoro kubwa ya kuombolezea kwenye simu. Mbolezi, tenzi, hitma, zote zimeundwa ili sauti yako ikikatika, mwingine aibebe mpaka urudi. Matangani ulikuwa na watu mia wa kukubebea, sasa huna hata mmoja, na ndiyo sababu unaurudia mara kumi: unasubiri jibu ambalo spika haiwezi kutoa.

Kwa hiyo Jumapili moja jioni, mwombe kaka aimbe besi ya kiitikio tu. Usimwombe alie, usimwombe azungumze kuhusu mama. Mwanamume asiyeweza kukaa na machozi mara nyingi anaweza kukaa na kazi, na besi ni kazi. Anzeni chini kuliko mlivyozoea kanisani, hatua mbili au tatu, kwa sababu huzuni hukaza misuli ya koo na ile sehemu ya ubeti inayopanda itawashinda. Vumisheni kwanza ubeti mmoja kwa midomo iliyofungwa, ndipo mwingie kwenye maneno. Vuta pumzi kwa mapigo manne kabla ya kila mstari. Imbeni ubeti wa kwanza na kiitikio, basi, na mara mbili zinatosha. Mwambie mapema kwamba ukishindwa katikati asinyamaze wala asikugeukie, aendelee na sehemu yake tu, wewe utamkuta mbele. Na akishindwa yeye, fanya hivyohivyo.